Kabla Buldoza Halijaingia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Uchimbuaji wa Mabaki ya Kale Uganda

Siku moja, kwenye barabara ya kutoka Kyotera kwenda Mutukula, niliona watu wamepiga magoti ndani ya shimo la mraba. Walikuwa wakikwangua udongo kwa mwiko wa mwashi, taratibu kama mtu anayekwangua ukoko wa wali. Pembeni buldoza limezimwa, dereva amelala kivulini. Nikauliza kuna nini. Jibu nililopewa ni: "Shika chekeche." Nilianza hivyo, kibarua wa siku, baadaye nikapewa kusimamia mashimo. Siku hizi, kwa kuwa Kiswahili changu kinasikika pande zote mbili za mpaka, ndiye ninayetumwa kuongea na wenye mashamba. Maswali wanayoniuliza ni yale yale kila kijiji, ndiyo maana nimeyakusanya hapa.

Semeni kweli: mnatafuta dhahabu?

Hapana. Mzee mmoja aliwahi kunivuta nyuma ya migomba akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hana neno na sisi kuchimba, ila fungu lake tusimsahau. Nilimwonyesha mfuko wa siku ile: vipande kumi na vitatu vya jiwe jeupe na kigae kimoja cha chungu. Alicheka, lakini sidhani aliniamini.

Tunachotafuta ni taka, taka hasa, zile walizotupa watu wa zamani: vibanzi vya mawe vilivyobanduka walipochonga zana, vyungu vilivyovunjika, mkaa wa mekoni, mifupa ya nyama iliyoliwa, mavi ya chuma yaliyobaki kwenye tanuri. Sokoni havina bei. Vikikutwa palepale vilipoachwa, vinaeleza watu walikula nini, walikaa wapi na walikaa kwa muda gani.

Kwa nini mnasema "kabla ya historia"? Kwani babu zetu hawakuwa na historia?

Walikuwa nayo, na jina hili mimi pia hunikera. Maana yake ni kabla ya maandishi tu. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika kwenye ikulu ya Kabaka Suna wa Pili wa Buganda mwaka 1844, na watu wa pwani waliofuata njia hiyo ndio walioanza kuleta maandishi huku ndani. Kwa hesabu hiyo, karibu kila kilichotokea Uganda kabla ya siku za babu wa babu zetu kimetupwa kwenye kapu moja: shoka la jiwe la miaka laki kadhaa pamoja na mahandaki ya Bigo bya Mugenyi, ambayo masimulizi yetu yanayahusisha na Wachwezi, watawala wa kale wa hadithi zetu.

Masimulizi yana kazi yake, na udongo una kazi yake. Bigo kuna mahandaki ya zaidi ya kilomita 10 kusini mwa mto Katonga, na sehemu nyingine yamekatwa hadi kwenye mwamba. Masimulizi yanatutajia nani alikuwa mkuu wa mahali. Kujua ng'ombe wangapi walichinjwa na walichinjwa wakiwa na umri gani, hapo inabidi uchimbue. Pale Ntusi, wilaya ya Sembabule, vilima vya taka vilivyochimbuliwa vilikuwa na mifupa mingi ya ng'ombe, na vimeeleza mengi kuhusu wafugaji na wakulima wa karne ya 11 hadi ya 15.

Je, eneo letu lina kitu kweli, au ni kupoteza muda?

Ukiwa Kyotera, Rakai au Isingiro, umekaa kwenye ardhi inayojulikana na wanaakiolojia wa dunia nzima, ingawa shuleni hatukuambiwa. Mwaka 1920 E. J. Wayland, mkuu wa idara ya jiolojia ya serikali ya kikoloni, aliokota zana nzito za mawe kwenye Ghuba ya Sango, hapa hapa ufukweni mwa Nalubaale, yaani Ziwa Viktoria. Zana za aina hiyo zilipokutwa baadaye kwingineko Afrika, hata kwenye maporomoko ya Kalambo kule Zambia, zilipewa jina la Sango. Kwa kawaida huhesabiwa kuwa na zaidi ya miaka 100,000.

Panda mto Kagera ufike Nsongezi, kuna tabaka za zana za mawe kingoni mwa mto na pango la mwamba ambalo watu walijihifadhi. Kwenye mto huohuo kuna kisiwa cha Kansyore. Jina lake limepewa vyungu vya zamani kuliko vyote vinavyojulikana kwenye eneo la Maziwa Makuu, vilivyofinyangwa na wavuvi na wawindaji kabla mtu yeyote huku hajalima wala kufua chuma. Mashariki mwa nchi, Nyero wilaya ya Kumi, kuna michoro myekundu ya duara ndani ya duara kwenye miamba. Kwa hiyo ukiniuliza kama ni kupoteza muda, nitakuuliza shamba lako liko upande gani wa kilima na maji yako umbali gani. Watu wa kale walipenda kukaa pale pale unapopenda wewe.

Kwa nini msisubiri buldoza lifukue, halafu muokote mnachotaka?

Nikiruhusiwa kujibu swali moja tu, nitachagua hili.

Mwaka 1929, pale Luzira, Kampala, wafungwa walikuwa wakifanya kazi ya ardhi kwenye kilima cha gereza. Katika kuchimba wakakuta vipande vya sanamu ya udongo: kichwa cha mtu na sehemu za mwili, kazi ya mkono ambayo haina ndugu yake katika Uganda yote. Leo kichwa hicho kiko London, kwenye British Museum. Kilitoka kwa sururu na koleo, hakuna aliyechora ukuta wa shimo wala kupima kina. Matokeo yake wataalamu wamekaa miongo mingi hawajui wakiweke wakati gani. Baadaye baadhi yao walirudi kwenye vigae vilivyokusanywa pamoja nacho ili angalau wapate makisio. Kichwa kipo, kimesafishwa, kimewekwa kwenye kioo, lakini hatujui kilikuwa kimesimama au kimezikwa, nyumbani au mahali pa ibada.

Sasa fikiria kitu ambacho buldoza haliwezi hata kukifukua. Nguzo ya nyumba ikioza ardhini, inabaki doa la duara, jeusi kidogo, kwenye udongo mwekundu. Si kitu cha kuokota, ni rangi tu. Nimeyaona madoa saba yamepangika nusu duara, kila moja na upana wa kiganja, na katikati yake udongo ulioungua ukawa wa chungwa. Hapo palikuwa na nyumba, na pale katikati ni jiko lake. Blade ya greda ikipita mara moja, nyumba hiyo imekwisha, na hakuna atakayejua kwamba ilikuwepo.

Mtajuaje pa kuchimba? Mna mashine ya kuona chini?

Zipo mashine za namna hiyo, lakini kazi kubwa ni miguu. Tunapanga mstari, mtu na mwenzake mita chache, tunatembea tukitazama chini: kwenye mifereji ya mvua, kwenye njia za ng'ombe, kwenye udongo uliotolewa na panya-buku, kwenye mashimo ya maramu kando ya barabara, kwenye kuta za matanuri ya matofali. Mashimo ya maramu yananiuma sana. Mengi yako juu ya vilima vya mawe mekundu, pale pale wachonga mawe walipokaa, na hayajawahi kukaguliwa na mtu.

Tunauliza pia. Mama anayelima shamba miaka thelathini anajua jembe lake hugonga vigae wapi. Baada ya hapo ndipo tunachimba mashimo madogo ya majaribio kwa umbali uliopimwa. Mengi huwa hayana kitu, na hilo nalo linaandikwa.

Mbona mnachimba polepole hivyo? Vijana wangu wanne wangemaliza asubuhi moja.

Wangemaliza, ndiyo, na baada ya hapo tungekuwa na shimo tu.

Siku yetu inakwenda hivi. Kwanza tunaweka alama moja isiyosogea, mara nyingi msumari kwenye zege, na vipimo vyote vya eneo vinatoka hapo. Tunafunga kamba kwenye misumari, tunapata mraba wa mita 1 kwa mita 1. Tunashuka kwa tabaka la sentimita 5 au 10, kwa mwiko, tukifuata rangi ya udongo. Udongo ukibadilika kabla ya kipimo kufika, tunasimama. Kuna kijitabu cha vipande vya rangi tunachokilinganisha na udongo uliolowa kidogo, kwa sababu "mwekundu" wangu na wako si mmoja. Udongo wote unatiwa ndoo, unakwenda kwenye chekeche la matundu ya milimita 5 au madogo zaidi. Kinachobaki juu kinachambuliwa kwa mkono.

Kila mfuko una lebo: jina la mahali, namba ya mraba, kina, tarehe, herufi za aliyechimba. Lebo inaandikwa kwa penseli. Nilijifunza kwa uchungu: msimu wa kwanza niliandika kwa kalamu ya wino, mvua ya mchana ikaja kama inavyokuja huku ziwani, na mifuko kumi na moja ikabaki na karatasi zenye ukungu wa buluu. Vitu vilikuwepo. Mahali vilipotoka pamepotea. Msimamizi hakunigombeza, alinipa penseli tu, na hilo liliniuma zaidi.

Mkaa unashikwa kwa ncha ya mwiko, unafungwa kwenye foili ya jikoni, na mvutaji sigara anafukuzwa mbali na shimo. Tukimaliza tunanyoosha kuta ziwe wima kwa timazi, tunazipiga picha na kuzichora kwenye karatasi ya miraba. Ukuta wa shimo ndio ukurasa wenyewe. Unaona mstari wa mizizi, tundu la mchwa, shimo la mhogo wa mwaka jana lililoingia hadi kwenye zana za maelfu ya miaka. Mchwa, kusema kweli, ni wachimbaji wenzetu wasio na nidhamu: wanapandisha udongo juu, mawe yanazama polepole, na usipokuwa macho utasema vitu viwili ni vya wakati mmoja kumbe sivyo.

Jambo moja watu hawalitarajii kutoka kwetu: kuchimbua nako ni kuharibu. Mraba niliouchimba hauchimbwi tena na mtu mwingine, hata awe na akili na vifaa kuliko mimi. Ndiyo maana tunaandika kila kitu, na ndiyo maana pale inapowezekana tunashauri mahali paachwe bila kuguswa.

Nimeokota jiwe lenye ncha. Ni zana au ni jiwe tu?

Mara nyingi ni jiwe tu, usikate tamaa. Jiwe lililogongwa na mtu lina dalili zake. Tafuta sehemu bapa ilipopigwa. Chini yake kidogo, upande wa ndani, kuna kinundu laini kama goti la mtoto. Upande wa nje unaona makovu ya vibanzi vilivyotangulia kubanduliwa, vyote vikitoka upande mmoja kwa mpangilio. Jiwe lililopasuka kwa jua au kwa gurudumu la lori halina mpangilio huo.

Shida yetu ni kwamba huku watu walitumia sana kwatzi, lile jiwe jeupe linalong'aa. Kwatzi hupasuka ovyo, kinundu hakionekani vizuri, hata wenye vyeti hubishana. Ukiwa na mashaka, liache pale lilipo, lipige picha ukiweka sarafu au kalamu pembeni ili ukubwa uonekane, kisha tuonyeshe mahali. Ukiniletea jiwe mfukoni sokoni, nitakushukuru, lakini sitaweza kukuambia mengi.

Mnajuaje umri wake?

Kwa mkaa na mifupa kuna kipimo cha kaboni 14. Kila kiumbe hai kina kaboni hiyo, kikifa inaanza kupungua, na kila miaka 5,730 inabaki nusu ya iliyokuwepo. Ukifika kama miaka 50,000 iliyobaki ni ndogo mno kupimika. Kwa hiyo kaboni inafaa kwa jiko la mfua chuma, haifai kwa zana za Sango. Huko tunategemea vipimo vya chembe za mchanga vinavyoonyesha lini ziliona jua mara ya mwisho, mpangilio wa tabaka, na kulinganisha na maeneo mengine. Zaidi ya hapo, udongo wetu mwekundu una tindikali, unakula mifupa. Mara nyingi tunabaki na mawe matupu.

Mnatafuta dainosa?

La. Mifupa iliyogeuka mawe ni kazi ya watu wengine, na Uganda wanayo kazi: Napak na Moroto, Karamoja, kumetoka masalia ya nyani wakubwa wa takriban miaka milioni 20. Sisi tunafuata binadamu na alichotengeneza.

Mkikuta kitu, ujenzi utasimama? Nitapoteza kiwanja?

Hofu hii ndiyo inayofanya watu wafukie vitu usiku, kwa hiyo nisikilize vizuri. Mara nyingi ujenzi unaendelea. Njia ziko chache: mradi unasogezwa kidogo, au mahali panawekewa mipaka na kuachwa, au panachimbuliwa, yanaandikwa, kisha mashine zinaruhusiwa, au mtaalamu anasimama kando ya eskaveta akitazama kila ndoo inayotoka. Kusogeza ni rahisi mradi ukiwa bado kwenye karatasi. Bomba, barabara au nguzo ya umeme inaweza kupinda mita 40 kwa kalamu. Baada ya kandarasi kusainiwa, mita hizo 40 zina gharama ambayo hakuna anayetaka kuilipa. Ndiyo maana kila tukikutana na wahandisi tunawaomba jambo moja: mtuite mapema.

Mfano ulio karibu ni bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Lina kilomita 1,443, na kilomita 296 ziko Uganda, zikipita wilaya 10 kabla ya kuvuka mpaka karibu na Mutukula. Njia ya ujenzi ina upana wa mita 30. Chora mstari huo kwenye ramani: unatoka nchi ya chumvi na chuma ya Bunyoro, unapita Sembabule ya wafugaji wa kale, unashukia kwenye ghuba ya Wayland. Ukitaka mtaro wa kupima historia ya Uganda, usingechora mwingine.

Haki yako ya ardhi haiguswi na uchimbuaji. Kwa umiliki wa aina yoyote, iwe mailo, kibanja, ya kimila, lizi au frihold, tukifukia shimo tunaondoka na ardhi inabaki ya mwenyewe.

Na mihogo yangu mliyoikanyaga?

Dai, tena kabla hatujaanza. Usikubali mtu yeyote, hata mimi, aingie shambani kwa maneno ya mdomo. Hesabuni mazao pamoja, mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, muandike na kila upande ubaki na nakala. Sharti la pili: mashimo yafukiwe kwa mpangilio, udongo wa juu urudi juu. Nimeona shimo lililofukiwa kichwa chini, maharage hayakuota hapo misimu miwili.

Nani analipa gharama zote hizi?

Mwenye mradi. Sheria ya Mazingira ya 2019 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na jamii kabla ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kutoa kibali, na urithi wa kale unaingia humo. Wakopeshaji nao wana masharti: Benki ya Dunia ina kiwango chake cha nane, na shirika lake la kukopesha sekta binafsi lina cha kwake, nacho cha nane, vyote vikihusu urithi wa utamaduni. Kwa uzoefu wangu, barua ya benki huamsha watu kuliko barua ya serikali. Si jambo la kujivunia, lakini ndivyo lilivyo.

Mtu anayejenga nyumba yake ya vyumba vitatu hatadaiwa haya. Ila akikuta kitu, wajibu wa kutoa taarifa unamhusu kama mwingine.

Sheria inasema nini kwa kifupi?

Uganda ilikuwa na sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1967, sasa kuna Sheria ya Makumbusho na Kumbukumbu za Kale ya 2023. Huchimbui bila kibali, huvushi mabaki mpakani bila kibali, na ukikuta kitu unatoa taarifa. Wanaohusika ni Idara ya Makumbusho na Kumbukumbu za Kale iliyo chini ya wizara ya utalii, na wilayani unaweza kuanza kwa afisa wa utamaduni au ofisi ya mkuu wa wilaya.

Naweza kuuza nilichokuta?

Hapana. Na atakayekuambia ana mnunuzi Nairobi anatafuta nauli yako.

Mimi ni dereva wa eskaveta. Nikikuta kitu nifanye nini?

Kwanza, zima. Usirudishe ndoo, usisawazishe, usishuke ukaanza kuchokonoa kwa jembe. Weka kamba au hata matawi kuzunguka mahali, mwambie msimamizi wa zamu, piga picha, andika saa na namba ya kituo cha kilomita. Hamishia mashine sehemu nyingine ya mradi ili siku isipotee. Mkandarasi mwenye akili anakuwa na utaratibu huu kwenye karatasi na kuusoma kwenye kikao cha asubuhi, pamoja na mambo ya helmeti.

Dalili za kuangalia: udongo mweusi wenye mafuta ndani ya udongo mwekundu, vigae vingi mahali pamoja, mawe mazito yenye matundu kama maandazi yaliyoungua, hayo ni mavi ya chuma, vipande vya bomba la udongo la kupulizia moto, mifupa.

Hapa Mutukula kuna la ziada. Vita vya 1978 na 1979 vilipita juu ya ardhi hii, na mji wenyewe ulibomolewa Januari 1979. Tabaka la juu kabisa la mashimo yetu lina maganda ya risasi, yenye kutu ya kijani. Hayo tunayaandika kama kitu kingine chochote. Lakini ukiona chuma cha duara chenye mkia au kizito kupita kawaida, usikiguse wala usikipige picha kwa karibu. Ondoa watu, ita polisi.

Mkikuta kaburi? Na mizimu je?

Kaburi linasimamisha kila kitu. Tunaita familia kama ipo, wazee, viongozi wa dini, polisi kama mifupa inaonekana si ya zamani. Kuhamisha kunafanywa kwa ridhaa na kwa desturi ya wenyewe.

Kuhusu mahali pa mizimu, mimi si mtu wa kumwambia mtu aamini nini. Ilipojengwa bwawa la Bujagali kwenye Nile, lililoanza kazi kamili mwaka 2012, maporomoko yenyewe yalikuwa makao ya roho ya Budhagaali kwa imani ya Wasoga. Sherehe za kuihamisha zilifanyika, na watu wakabishana sana nani ana haki ya kuifanya na kama roho inahamishika hata kidogo. Somo nililolipata ni la kazi tu: ukifika kijijini uliza mti gani haukatwi na jiwe gani halikaliwi, kabla ya kupiga kigingi cha kwanza. Mara mbili tumesogeza mraba kwa ajili hiyo. Sayansi haikupungukiwa na kitu.

Mnaajiri?

Ndiyo, na watu wa kijiji kwanza. Huhitaji cheti, unahitaji subira na macho. Wanawake wanaofinyanga au waliowahi kuona mama zao wakifinyanga hutushinda sote kwenye vigae. Kuna mama aliyeshika kipande cha shingo ya chungu, akapitisha kidole gumba ndani ya ukingo na kusema mfinyanzi alikuwa anazunguka chungu yeye mwenyewe, chungu kimetulia. Kidole chake kilikuwa kimeingia kwenye mfuo ulioachwa na kidole cha mwenziwe.

Ndiyo maana nakumbuka Kibiro, kwenye Ziwa Albert wilaya ya Hoima. Mwanaakiolojia Graham Connah alichimbua pale mwisho wa miaka ya 1980 akakuta tabaka nene za kazi ya chumvi, karibu miaka 900. Na waliomweleza alichokuwa anakiona ni wanawake wa pale pale, ambao bado wanatandaza udongo mkavu kwenye ardhi ya chemchemi za moto, unanyonya chumvi, wanaukwangua, wanauchuja kwa maji kwenye chungu chenye matundu, kisha wanachemsha.

Vitu vinapelekwa wapi?

Vinaoshwa, vinahesabiwa, vinaandikwa namba kwa wino mdogo mno, na hatimaye vinatakiwa kufika kwenye Makumbusho ya Uganda, Kampala. Makumbusho hayo yalianza mwaka 1908, na jengo la sasa la Kamwokya ni la 1954. Mwaka 2011 jengo hilo lenyewe nusura lipishe mradi wa ghorofa 60. Watu wakaenda mahakamani, na bado limesimama. Nafasi ya kuhifadhi ni finyu, na mradi usiotenga fedha za masanduku na rafu haujamaliza kazi yake.

Ripoti tutaipata wapi?

Hili huniumiza. Kwenye mradi mmoja nilioufanyia kazi, ripoti ilikuja nene, kwa Kiingereza, ikakaa ofisini kwa watu. Niliomba ukurasa mmoja tu wa kijiji, kwa Kiswahili na Kiganda. Nikaambiwa haumo kwenye bajeti. Kikatiba Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu 2005, nikasema, na jamaa akacheka kwa heshima.

Nikanunua karatasi mbili za manila na kalamu nene. Nikachora kilima, mkondo wa maji, mashimo yetu, na yale madoa saba ya nguzo kwa ukubwa wake halisi, nikaibandika kwenye ukuta wa ofisi ya mwenyekiti. Watoto waliotoka shule walikuwa wa kwanza kuisoma. Mmoja aliweka kiganja chake juu ya doa la tatu kuona kama kinaenea, kisha akaniuliza mlango ulikuwa upande gani. Nilimwonyesha nafasi kati ya doa la nne na la tano, palipokuwa pana zaidi, pametazama ziwa. "Kama kwetu," akasema, akaenda zake kuchota maji.